Boksi la Bwana Hatch na Makabila Kumi Yaliyopotea

Maelezo rasmi ya kukabidhi kazi nimeyaacha kwenye droo ya pili, kurasa nne, kwa Kiingereza, pamoja na funguo na namba ya fundi wa mashine ya kukausha unyevu, ambaye haji mpaka aitwe mara tatu. Haya ni mengine. Nimeyaandika kwa Kiswahili kwa sababu ninyi wawili mliobaki kwenye dawati lile, Achieng na Salim, ndio pekee katika jengo zima mtakaoweza kuyasoma. Tena kosa ninalotaka kuwasimulia ni kosa la Mswahili. Mwingereza asingeweza kulifanya hata angejitahidi.

Vyeo nitaviruka. Nilipanda mara mbili, na mara zote mbili kilichobadilika ni urefu wa mikutano.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa Novemba. Nilikuwa na shahada ya pili ya historia, koti la kuazima, na matumaini kwamba mtu ataniuliza maoni yangu. Aliyenipokea alikuwa Doreen, mkuu wa chumba cha kusomea, mwanamke wa Yorkshire mwenye sweta moja la kijivu na sauti iliyozoea kunyamazisha maprofesa. Alisema, "Mikono." Nikampa wa kulia ili tusalimiane. Akaugeuza, akautazama kiganja, akautazama upande wa pili, akasema, "Nenda kanawe, halafu tusalimiane."

Hilo la mikono mlishike. Wageni watakuja wakiuliza glavu nyeupe, kwa sababu ndivyo walivyoona kwenye televisheni. Karatasi kuukuu haitaki glavu, maana kidole kilichovaa kitambaa hakihisi karatasi inapoanza kuchanika. Inataka mikono iliyooshwa ikakauka. Inataka penseli, si kalamu. Inataka kulazwa kwenye mto wa sponji na kushikwa na nyoka wetu, yaani ule mkanda wa kitambaa ulioshonewa vidonge vya madini ya risasi ndani uwe mzito. Pini zilizoshika kutu mtazitoa kwa kisu cha mfupa, polepole, na mtajichoma hata hivyo.

Doreen alikuwa na kanuni mbili tu. Ya kwanza: andika unachokiona, usiandike unachokidhani. Ya pili: ukikosea, usifute. Piga mstari mmoja juu ya kosa, andika lililo sahihi chini yake, weka herufi za jina lako na tarehe, ili atakayekuja baadaye ajue ni nani aliyekosea na ni nani aliyejirudi. Niliziona kanuni za kitoto. Mimi nilikuwa nimesoma chuo kikuu.

Maktaba yetu, kwa yeyote atakayeokota karatasi hizi akiwa hatujui, inatunza nyaraka za wamisionari: barua, shajara, hesabu za mabati ya kuezekea makanisa, picha za watu waliosimamishwa juani mpaka wakanuna. Katika mwaka wangu wa pili Doreen alinipa maboksi ya Bwana Hatch niyaorodheshe. Hatch si jina lake. La kweli mnalijua, na wajukuu wake ni watu wema wanaotuletea biskuti. Alikaa mashariki ya Kongo, milimani, miaka kadhaa kabla ya vita vya pili vya dunia. Akaandika kijitabu kuthibitisha kwamba watu aliokaa nao ni moja ya makabila kumi ya Israeli yaliyopotea.

Kisa chenyewe mnakijua kutoka shule ya Jumapili au madrasa. Ufalme wa kaskazini wa Israeli ulianguka mikononi mwa Waashuri, watu wakahamishwa mashariki, na Biblia haisimulii kurudi kwao. Wanahistoria watawaambia kwamba wengi labda hawakwenda kokote, wengine walikimbilia kusini Yuda, na waliohamishwa waliolewa na kuoa huko mpaka wakawa watu wa huko. Lakini "waliolewa huko" si jibu linalomridhisha mtu. Kwa hiyo dunia nzima imewatafuta, na dunia nzima imewapata: Amerika, Japani, Afghanistani, Afrika kona zote, na hapa hapa Uingereza.

Na wote waliowapata, mapema au baadaye, walikuja kwenye dawati letu. Alikuja bwana mmoja wa Kiingereza, mstaafu wa benki, mwenye tai na ramani, aliyekuwa na hakika kwamba Waingereza ndio kabila la Efraimu. Alinieleza hayo kwa upole mkubwa, kama daktari anayetoa majibu ya vipimo. Alikuja mama wa Lagos mwenye daftari la mila ishirini na mbili za kwao zinazofanana na za Mambo ya Walawi. Walikuja wanafunzi, wachungaji, na kijana mmoja aliyetuma mate yake kwa posta yapimwe asili yake. Doreen alianzisha ishara. Msomaji wa aina hiyo akishaeleza shida yake, ulimgeukia Tom, yule wa kuleta maboksi kutoka ghala la chini, ukainua vidole kumi nyuma ya mgongo wa mtu. Tom aliielewa, akashuka kuleta maboksi yale yale. Tuliwaita "watu wa kumi". Tulijiona wacheshi.

Ningependa kusema kwamba sikuwacheka kwa sababu nilikuwa na moyo mzuri. Niliwacheka sana. Niliwacheka huku nikijua kwamba mimi ni mtoto wa Pangani, na kwamba bibi yangu, Mungu amrehemu, alinilea akiniambia sisi ni Washirazi, tulitoka Uajemi kwa majahazi saba, na babu yetu alikuwa mtoto wa sultani. Chuoni nilifundishwa jinsi ya kuitilia shaka hadithi hiyo kwa tanbihi. Likizo nilirudi nyumbani nikamkuta bibi anawasimulia watoto wa jirani majahazi yale saba, nikakaa kimya, nikala wali.

Basi maboksi ya Hatch. Yalikuwa sita. Matano yalikuwa ya Kiingereza, mwandiko wa duara, unasomeka. La sita lilikuwa na picha, risiti, na daftari moja jembamba la shule lililoandikwa kwa penseli. Nilifungua ukurasa wa kwanza. Kilikuwa Kiswahili, lakini Kiswahili cha huko bara Kongo: batu, mulima, batoto. Niliguna. Mimi nimezaliwa Pangani, nimefundishwa Kiswahili na mwalimu aliyechapa watu viboko kwa upatanisho mbaya wa ngeli. Nilipindua kurasa tatu kama mtu anayepindua mchele kutafuta mawe. Kisha nikapiga taipu kadi yangu ya orodha kwa Kiingereza. Tafsiri yake ni hii: "Daftari moja, Kiswahili duni, mwandishi hajulikani, labda mazoezi ya mwanafunzi. Nusu tupu. Halina umuhimu." Nikaweka herufi za jina langu. Kadi ile baadaye iliingizwa kwenye kompyuta kama ilivyo, na kompyuta huwa haigunii mtu.

Miaka ikapita. Doreen alistaafu, akatutumia kadi za Krismasi zenye picha ya mbwa, kisha zikaacha kuja.

Miaka minne iliyopita niliandikiwa imeli na mtu aitwaye Neema, mfanyakazi wa nyumba ya wazee, anayekaa mtaa wa Thornton Heath. Alisema baba yake ni mzee wa Kongo, anatafuta maandishi ya marehemu baba yake, babu wa Neema, mwalimu aliyeitwa Daudi, ambaye alifanya kazi na Bwana Hatch. Nilitafuta kwenye kompyuta. Daudi yumo ndani ya kijitabu cha Hatch, ukurasa mzima, lakini kwenye orodha ya maboksi hayumo. Nilimjibu kwa adabu kwamba hatuna maandishi yoyote ya Mwalimu Daudi.

Juma la pili wakaja hata hivyo.

Mzee alikuwa mrefu, amevaa suti ya Jumapili siku ya Jumatano, kofia mkononi. Neema alikuwa bado na sare ya zamu ya usiku chini ya koti. Nilimsalimia mzee shikamoo, akaipokea kwa kuinamisha kichwa, kama mtu anayepokea chakula asichokizoea.

"Auntie," Neema akasema, "uliandika hakuna kitu. Mimi nimemwambia. Lakini Baba akishaamua, ndiyo basi. Nimechukua off leo, tafadhali tuangalizie tu."

"Anatafuta nini hasa?"

"Makabila yaliyopotea. Ile ya Israeli."

Nikamgeukia Tom nikainua vidole kumi. Mazoea, ndugu zangu. Ila mara hii mgongo haukuwa mgongo. Mzee alikuwa amegeuka kutafuta mahali pa kutundika kofia, na aliviona vyote kumi.

"Kumi ni nini, Mama?"

"Ni… namba ya boksi, Mzee."

"Aa," akasema. Akanitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Asanti. Na mimi niko Papa Zakaria. Mzee ni kwa batu ba Tanzania."

Tuliketi meza ya dirishani tukingoja maboksi, akanieleza. Nitaeleza kwa ufupi, na kabila lake sitalitaja, kwa sababu kuna watu kule ambao bado wanalitumia jina hilo kama jiwe la kuwarushia wenzao.

Kijitabu cha Hatch kilisema kwamba Mwalimu Daudi, mtu mwaminifu na msomi wa kwanza wa milima ile, alikiri kwa kinywa chake kwamba watu wake walitoka nchi ya mbali ya kaskazini na kwamba wao ni wana wa Israeli. Kijitabu kikatafsiriwa, kikasomwa makanisani. Kwa muda kilikuwa sifa. Kisha ukaja ugomvi wa mashamba, na majirani wakakisoma vilevile. Wakasema: si mwalimu wenu mwenyewe aliyesema ninyi ni wageni? Basi rudini kwenu Israeli. Nyumba zilichomwa. Zakaria alikuwa kijana.

"Batu ba kwetu wakagawanyika," akasema. "Bamoja banasema Papa, baba yangu, ni nabii. Bengine banasema Papa alituuza. Yeye alinyamaza miaka yote. Siku ya kufa akanishika mkono hapa," akagusa kifundo, "akasema, 'Mimi sikusema vile. Niliandika.' Nikamwuliza, uliandika wapi? Akawa amekwenda."

Neema alikuwa akitazama mikono yake. Hiyo hadithi alikuwa ameisikia tangu utoto, na alikuwa amechoka nayo kama watu wanavyochoka na kitu wanachokipenda.

"Kanisa letu la Thornton Heath," akaongeza, "nusu wanaimba wao ni Israeli. Baba ndiye mzee wa kanisa. Wanamwita mtoto wa nabii. Na yeye hajui kama baba yake alisema kweli au alidanganya. Ana miaka themanini na mbili, Auntie. Daktari amemwambia moyo hauko sawa. Anataka tu kujua."

Tom alifika na toroli. Alileta maboksi sita. Nilifungua la kwanza, la pili, la tatu. Nilimtafsiria Papa Zakaria kwa Kiswahili yale ya Hatch, ukurasa baada ya ukurasa: wanatahiri, hawali samaki, wana siku ya mapumziko, Daudi amekiri. Kila nilipofika kwenye "Daudi amekiri" mzee alitikisa kichwa kama mtu anayekwepa inzi. Mpaka saa sita tulikuwa tumemaliza matano. Nilimwambia ukweli kama nilivyoujua: la sita ni picha na risiti tu, na mazoezi ya mwanafunzi.

"Nione picha," akasema.

Nilifungua. Daftari lilikuwa juu kabisa. Kabla sijaligusa, mzee alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake, na chumba kizima kikageuka.

"Ile mwandiko," akasema. "Ile ni mukono ya Papa."

Nataka mjue nilichokifikiri kwanza, kwa sababu ndicho kitakachowafaa. Sikufikiri, "Alhamdulillahi." Nilifikiri, "Haiwezekani, maana mimi nimeshaliorodhesha."

Nililaza daftari kwenye mto, nikaweka nyoka wawili. Kurasa nilipindua mimi, yeye akasoma. Alisoma kwa sauti, kama wazee wa shule za zamani wasomavyo, kidole chini ya kila neno. Kwa kawaida ningemwendea msomaji wa namna hiyo na kumwonyesha kibao cha kunyamaza. Siku ile kibao nilikilaza kifudifudi.

"'Bwana ananiuliza, babu zenu walitoka wapi. Nikamwambia, kule mulima. Anasema, kabla ya mulima? Nikamwambia, mulima ingine. Anasema, na kabla ya ile? Nikamwambia, Bwana, kabla ya ile sijui. Sikuwako.'"

Mtu akacheka nyuma yetu. Alikuwa Bwana Mehta, mzee wa mtaa wa Kingsbury, mzaliwa wa Kisumu, msomaji wetu wa kila Jumatano, ambaye kwa miaka sita alikuwa akisoma magazeti ya misheni akitafuta tangazo la duka la babu yake. Alijifunika mdomo. "Samahani, Mzee. Endelea, endelea."

Papa Zakaria aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imepata miguu.

"'Anauliza, munatahiri batoto? Nikasema ndiyo. Akafurahi sana, akaandika mistari mingi. Nikamwambia, majirani nao banatahiri. Hakuandika. Anauliza, nyama gani hamukuli? Nikasema, samaki hatukule sana. Akaruka, akasema, ni sababu haina magamba? Nikasema hapana Bwana, ni sababu ziwa iko mbali.'"

Bwana Mehta alilaza kichwa mezani. Neema alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, akisema, "Baba, taratibu, taratibu." Hata yule mwanafunzi wa Kijerumani wa meza ya tatu, asiyejua neno, alikuwa anatabasamu.

"'Anauliza, muko na siku moja ya kupumzika? Nikasema, siku ya soko. Akaandika Sabato.'"

Iliendelea hivyo kurasa nyingi. Daudi hakumchukia Hatch. Aliandika kwamba Bwana ni mtu mzuri, aliketi usiku na mke wa Daudi alipougua, aliuza saa yake anunue dawa. Ila alikuwa na jibu kabla ya swali, na aliyekuja bila jibu lile alionekana mjinga au mwoga. Kisha tukafika ukurasa ambao penseli ilikuwa imekandamizwa mpaka ikatoboa karatasi. Mzee alisoma polepole.

"'Leo Bwana ananisomea kitabu yake. Nasikia jina yangu. Nikamwambia, Bwana, mimi sikusema ile. Akasema, Daudi, wewe hujui wewe ni nani. Nikanyamaza, sababu ni yeye analipa shule na batoto bako kumi na nane. Naandika hapa. Sikusema. Sisi ni batu ba hapa.'"

Papa Zakaria aliondoa kidole kwenye mstari, akakiweka mapajani kwa uangalifu, kana kwamba nacho ni cha maktaba.

"Hakutuuza," akasema.

"Hapana, Papa," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Kisha akasema, "Lakini, Mama, Israeli nayo niliipenda. Nimeimba miaka sitini. Nitaimba nini sasa?"

Shahada mbili, miaka ishirini na kitu ya dawati. Nilichokuwa nacho ni aibu, na hiyo nilimpa. Nilifungua droo ya kadi za zamani, nikaitoa kadi yangu, nikamtafsiria: Kiswahili duni, halina umuhimu. Nikamwonyesha herufi za jina langu. Nikamwambia kwamba imeli ya "hatuna" niliiandika kwa kuiamini kadi hii. Kwamba katika miaka hiyo watafiti wengine waliuliza na nikawajibu vilevile. Nikamwambia na maana ya vidole kumi, maana nilikuwa nimeshaanza.

Neema alinitazama kwa hasira ya haki. Papa Zakaria aliichukua kadi, akaishika mbali na macho, ingawa hakujua kusoma Kiingereza.

"Ulisoma kurasa ngapi?"

"Tatu."

"Tatu," akamwambia Neema, kama anayetaja bei ya kitu sokoni. Kisha kwangu: "Hata Bwana Hatch alimsikiliza Papa miaka mine."

Ningekubali kuchapwa na mwalimu wangu wa Pangani kuliko kusikia hilo.

Nilisema nitaichana kadi, niandike mpya. Akakataa. "Usichane. Papa hakuchana kitabu ya Bwana. Aliandika pembeni yake." Hakuwahi kumjua Doreen, lakini alikuwa ameitamka kanuni yake ya pili. Kwa hiyo nilipiga mstari mmoja juu ya maneno yangu, yanasomeka bado, na chini yake nikaandika kwa penseli, yeye akinitazama: "Daftari la Mwalimu Daudi. Majibu yake kwa maswali ya Hatch, kwa Kiswahili cha kwao. Anakanusha kijitabu." Herufi za jina, tarehe. Kwenye kompyuta nimeacha maandishi yote mawili. Achieng, uliniuliza siku moja kwa nini sijasafisha ingizo lile. Ndiyo hiyo sababu.

Tulimpigia nakala za kurasa zote zilizoandikwa. Mlangoni alivaa kofia yake, akageuka, akaniinulia vidole kumi, akakunja kimoja: waliopotea wamebaki tisa. Bwana Mehta akapiga makofi, akanyamazishwa na Tom.

Neema alinipigia baada ya majuma mawili. Mzee alilisoma daftari kanisani, kwenye ukumbi wa kukodi wenye viti vya plastiki. Familia tatu zilitoka na hazijarudi. Mama mmoja alisimama akasema yeye ataendelea kuwa Israeli, daftari au bila daftari, kwa sababu Mungu anamjua. Papa Zakaria akamwambia, kaa mama yangu, hakuna anayekufukuza, kufukuzwa tumefukuzwa vya kutosha. Sehemu ya samaki walimtaka airudie mara tatu. Mambo ya kuimba walipatana: wimbo ule wa Israeli unaimbwa bado, Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Tangu hapo ishara ya vidole niliipiga marufuku. Mtu wa makabila kumi akija, mketisheni na mumuulize nani alimwambia na lini, kisha mnyamaze. Nimegundua kwamba karibu kila mmoja ana mtu nyuma yake aliyeambiwa siku moja kwamba hapa si kwao. Yule mstaafu wa benki mwenye ramani niliwahi kumwuliza, akanieleza habari za mama yake, na hatukugusa Efraimu mchana mzima.

Sasa siku yangu ya mwisho, mwezi wa tatu mwaka huu. Keki ilikuwa kavu, hotuba ilikuwa fupi, nashukuru kwa vyote viwili. Baada ya chakula cha mchana nilifanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata mara moja: niliketi upande wa wasomaji. Nilinawa mikono. Nilijaza karatasi ya maombi. Salim, uliniletea boksi la sita bila kuuliza, na uliniletea mto bila kukumbushwa, nikaona dawati liko salama.

Nilisoma daftari la Mwalimu Daudi kuanzia ukurasa wa kwanza, kama nilivyopaswa kufanya mwaka wangu wa pili. Lilinichukua dakika arobaini. Nilipofika kwenye kurasa tupu sikulifunga. Niliendelea kupindua karatasi nyeupe, moja moja, kwa sababu nilishawahi kuandika "nusu tupu" na sikuwa na hakika tena kama nilihesabu. Ukurasa wa mwisho kabisa ulikuwa na maandishi, kichwa chini. Daudi alikuwa mwalimu, na walimu wenye madaftari machache huligeuza daftari na kuanzia nyuma. Hata siku ile ya nakala hatukuligeuza.

Yalikuwa maneno machache. Niliwaomba simu ya dawati nikampigia Neema, naye kwa bahati alikuwa nyumbani, akaweka sauti ya wazi. Nilimsikia mzee akivuta pumzi zake fupi.

"Papa, kuna ukurasa mmoja bado. Nikusomee?"

"Soma yote," akasema. "Si tatu."

Nikasoma: "'Leo mimi ndiye nikamwuliza. Bwana, na nyinyi Bazungu, babu zenu walitoka wapi? Akacheka, akasema, Daudi, hiyo si kazi yetu ya leo. Nimemwachia nafasi hapa chini, siku akipata jibu aandike.'"

"Na chini?" Papa Zakaria akauliza.

"Chini hamna kitu, Papa. Karatasi nyeupe mpaka mwisho."

Alicheka kicheko cha mtu mwenye moyo usio sawa, kidogo kidogo, akipumzika katikati. Neema alikuwa anamwambia anywe maji. Alipopata sauti akasema, "Na wewe, Mama? Hatujakuuliza. Babu zako walitoka wapi?"

"Pangani," nikasema.

"Na kabla ya Pangani?"

Nilimfikiria bibi yangu na majahazi yake saba, na wali niliokula nimenyamaza. Mlikuwa mnanitazama, ninyi wawili, mmeegemea dawati.

"Bibi alisema Shirazi," nikamwambia. "Mimi sijui, Papa. Sikuwako."